Lehemu ya Damu: Kosa la Kipimo Huanzia Wapi?

Tuseme mtu amepimwa Murgwanza, wilayani Ngara, akaambiwa kwamba lehemu katika damu yake ni milimoli 5.4 kwa lita. Baada ya wiki moja akapimwa Biharamulo, akaambiwa ni 4.9. Je, dawa aliyopewa imefaa? Wanafunzi wengi watajibu kuwa imefaa. Lakini yawezekana kwamba mwilini mwake hakuna kilichobadilika.

Lehemu, ambayo wengine huiita kolesteroli, haipimwi kwa kuonekana yenyewe. Katika njia iliyoenea tangu miaka ya 1970, vimeng'enya huioksidisha, ikatoka haidrojeni peroksaidi. Kisha kimeng'enya kingine huitumia peroksaidi hiyo kutengeneza rangi nyekundu. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 500 hupitishwa humo, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo mwanga unavyofyonzwa. Kwa hiyo mashine husoma wekundu tu. Damu ikitikiswa garini katika barabara mbovu, chembe zake nyekundu hupasuka na kuchafua rangi hiyo; ndiyo maana majimaji ya damu yapasa kutengwa na chembe kabla ya safari kuanza.

Kosa jingine hutangulia hata sindano. Mtu anaposimama, maji kidogo hutoka katika mishipa, lakini lehemu, ikiwa imebebwa na chembechembe kubwa, hubaki ndani. Tofauti kati ya aliyesimama na aliyelala yaweza kufika asilimia 10! Mpira unaofungwa mkononi kwa muda mrefu huleta matokeo ya namna hiyo hiyo. Basi aliyepanda vilima vya Ngara kwa miguu na aketi kwanza, na mpira usizidi dakika moja.

Wataalamu wa Marekani waliweka shabaha kwamba kosa la jumla lisizidi asilimia 8.9. Mwalimu awape wanafunzi hesabu hii: kiasi halisi kikiwa 5.2, maabara njema yaweza kusoma kuanzia 4.7 hadi 5.7. Majibu yote mawili ya mtu wetu yamo humo.

Maabara ndogo huona ni hasara kutumia kemikali kupima sampuli isiyo ya mgonjwa. Kwa maoni yangu, hasara kubwa zaidi ni kumpa mtu dawa kwa sababu ya kosa la mashine. Maabara mbili zikipima kila siku majimaji ya chupa za aina moja, yenye kiasi kinachojulikana, itafahamika ile 0.5 ni ya mgonjwa au ya mashine.