Nikeli Haichoki, Hufunikwa

Kila panapozungumzwa kutengeneza methani kwa pumba za mpunga, zile zinazolundikana nje ya mashine za kukoboa Ifakara, hoja ni ileile: pumba zimetoka shambani, si mgodini, kwa hiyo gesi yake ni safi. Hiyo ni hoja ya vipeperushi. Salfa imo katika protini za kila mmea, na pumba zikichomwa kwa hewa haba ili zitoe kaboni monoksaidi na haidrojeni, sehemu ya salfa hiyo hutoka ikiwa haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Ni kidogo kuliko ya makaa ya mawe, sawa. Lakini nikeli, kichocheo ambacho wanakemia Sabatier na Senderens walikitumia mwaka 1902 kugeuza gesi hizo mbili kuwa methani, hudhurika hata salfa ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni ya gesi.

Wengi hudhani salfa huila nikeli ikaisha. Kichocheo kilichokufa ukikipima, nikeli yote utaikuta. Kazi hufanywa na atomi za juu tu, zinazogusana na gesi; haidrojeni salfaidi ikifika hapo huvunjika, haidrojeni ikaenda zake, salfa ikabaki imeng'ang'ania. Tena kaboni monoksaidi haivunjwi na atomi moja ya nikeli. Inataka kadhaa zinazopakana, kama sufuria inavyotaka mafiga matatu. Ondoa figa moja, mawili yaliyobaki hayana kazi. Na kwa kuwa gesi hupita usiku na mchana ilhali salfa haiondoki, kidogo cha leo huongezwa juu ya cha jana. “Ongeza moto, itaungua,” watakwambia. Kwenye nyuzi 300 hadi 400, joto la kazi hii, haitoki. Ukizidisha sana, chembe za nikeli hushikamana na eneo la kufanyia kazi hupungua.

Pingamizi la maana hutoka majarubani, kuanzia Ifakara hadi Mlimba na Masagati. Methani inayotoka kwenye tope la mpunga hutengenezwa na vijidudu viitwavyo arkea, na kimeng'enya chao cha mwisho kina nikeli ndani, katika molekuli iitwayo F430. Mbona hiyo haifi? Kwa sababu ni atomi moja moja, kila moja imefungwa ndani ya pete yake katikati ya protini. Haina jirani wa kufunikwa naye. Ajabu zaidi, koenzaimu M, inayokutana na nikeli hiyo, yenyewe imebeba salfa! Ni kweli mbolea ya SA (salfeti ya amonia) hupunguza methani ya jaruba, lakini salfeti yake hulisha bakteria wengine, nao huwapora arkea haidrojeni na asetati. Anayetoa SA kuwa ushahidi kwamba salfa huiua nikeli ya arkea amechanganya njaa na sumu.

Mtambo wa pumba hauna kinga hiyo. Gesi yake lazima ipite kwanza kwenye zinki oksaidi ya moto, inayoinasa salfa ikawa zinki salfaidi; ikijaa, hubadilishwa. Ukiletewa mradi usio na hatua hiyo kwenye bajeti, usiuchangie.