Kamera Haikujui: Kweli na Si Kweli Kuhusu Sanaa Inayofuata Mwili

Ukipita mbele ya skrini na picha yake ikasogea nawe, ni rahisi kuamini kwamba mashine imekuona. Imani hiyo ndiyo mzazi wa uzushi mwingi kuhusu sanaa hii.

Sanaa hii ililetwa na vifaa vya michezo ya video.

Si kweli. Kinect, kamera ya michezo ya Microsoft, iliingia sokoni Novemba 2010, na iliwapa wasanii jicho la bei nafuu. Lakini Mmarekani Myron Krueger alianza majaribio yake mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Katikati ya miaka ya 1970 akaanza kujenga Videoplace, ambamo vivuli vya watu waliokuwa vyumba tofauti vilikutana kwenye skrini moja. Hakutaka mtu avae glavu wala miwani; mtu aingie alivyo, mwili wake ufanye kazi.

Kompyuta inamtambua binadamu.

Hii ndiyo inayosadikiwa zaidi, na si kweli hata kidogo kwa kazi nyingi maarufu. Chukua Text Rain ya Camille Utterback na Romy Achituv, ya mwaka 1999. Unasimama, unajiona kwenye skrini, herufi zinadondoka kutoka juu. Zikifika kichwani au begani zinatua. Ukiinua mkono zinapanda nao, ukiuondoa zinaendelea kuanguka. Ukinyoosha mikono kwa ustadi unaweza kukinga neno zima, pengine hata mstari, maana herufi hizo zimetoka katika shairi.

Sasa, mashine inajua nini? Inajua weupe na weusi, basi. Kila herufi imepewa amri moja: shuka mpaka ukutane na kitu cheusi kupita kiwango fulani. Nyuma ya mtazamaji kuna ukuta mweupe ulioangazwa, kwa hiyo chochote chenye weusi wa kutosha kinachosimama mbele yake kinakuwa kizuizi. Mwavuli mweusi unakinga herufi sawasawa na mkono wa binti wa miaka sita. Khanga ya rangi iliyokoza, watu wawili wakishika ncha zake, itakinga nyingi zaidi. Uhai wote unaoonekana pale umeletwa na mtazamaji, na kwangu huo ndio ufundi wa wasanii hawa: walijua waache pengo kubwa kiasi gani.

Ukitaka kuifaidi sanaa hii, rukaruka.

Inategemea. Katika Very Nervous System ya David Rokeby wa Kanada, iliyoonyeshwa Venice Biennale mwaka 1986, mwendo ndio unaozaa sauti. Ukitulia tuli, nayo inanyamaza. Rain Room ya kundi la Random International ni kinyume chake. Humo maji yananyesha kila mahali isipokuwa pale uliposimama, kwa sababu vihisi vinafunga matone juu yako. Nenda polepole utatoka mkavu. Kimbia ulowe! Ilianza London mwaka 2012, na tangu 2018 iko Sharjah, kwa hiyo Waswahili walioko Ghuba hawana haja ya kwenda mbali kuijaribu.

Mtazamaji ndiye anayeongoza.

Kweli nusu. Rokeby aliwatazama wageni wake akaona jambo: mtu anapoingia hutupa mkono kwa wasiwasi, kama anayeuliza. Sauti ikijibu, huurudia mwendo ule ule, safari hii kwa uhakika, na sauti inayotoka ni nyingine. Mgeni hudhani mtambo umekosea. Kumbe mwili wake ndio uliobadilika bila yeye kujua, na mtambo umesema kweli.

Lazima kuwe na skrini.

Si kweli. Wooden Mirror ya Daniel Rozin, nayo ya 1999, ina vipande 830 vya mbao vinavyoinamishwa na mota ndogo, vikishika mwanga kwa kiasi tofauti mpaka sura yako itokee.

Kazi ya kidijitali haizeeki.

Uongo mtupu! Microsoft iliacha kutengeneza Kinect ya michezo mwaka 2017, na kazi zilizojengwa juu yake sasa zinategemea vifaa vilivyotumika au programu kuandikwa upya. Hapo Text Rain ina nafuu. Programu yake nayo italazimika kufuata kompyuta mpya, lakini vingine inavyohitaji ni kamera ya kawaida, projekta na ukuta mweupe.