Omena Aliyepotea Maktabani

Kadi za zamani za maktaba zilikuwa na uungwana ambao kompyuta zetu nyingi hazijajifunza. Ukilitafuta jina lisilotumiwa na maktaba, ulikuta kadi imeandikwa "Tazama", kisha jina ulilopasa kulifuata. Kompyuta hukujibu kwa neno moja tu: hakuna.

Mwaka jana nilimwona mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja huku Kisumu akitafuta maandishi juu ya omena. Aliandika neno hilo katika katalogi, akaambiwa hakuna. Basi, katika utangulizi wa tasnifu yake akatangaza kwamba mada hiyo haijatafitiwa! Tulipoandika jina la kisayansi, Rastrineobola argentea, kazi zikajitokeza. Mganda humwita samaki huyo mukene, Mtanzania humwita dagaa. Mbuta naye ni sangara akivuka mpaka wa Tanzania, na vitabuni ni Lates niloticus. Ziwa ni moja, lakini katalogi yalijua kwa lugha ya wageni tu.

Majina ya watu nayo yana taabu hiyo hiyo. Atafutaye Not Yet Uhuru, kitabu cha mwaka 1967, kwa kuandika "Jaramogi" huenda asikipate, kwa kuwa mwandishi ameorodheshwa kama Odinga, Oginga. Je, ni nani huku ziwani asiyemjua Jaramogi?

Wapo watakaosema fedha hazipo. Sikubaliani nao. Programu ya Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, hutolewa bila malipo, na maktaba kadhaa za vyuo vyetu huitumia. Ndani yake mna nafasi ya kuandika majina mbadala ya kila mada na kila mwandishi, na yaweza kuamriwa iyazingatie majina hayo wakati wa kutafuta. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaandika.

Mkutubi hawezi kuifanya kazi hii peke yake, wala si haki kumtwika. Mhadhiri wa elimu ya samaki na akae naye alasiri moja. Wanafunzi waende ufuoni Dunga wakaulize majina. Maneno hamsini ya ziwa yatosha kwa kuanzia. Na kila neno lililotafutwa likakosa jibu lihifadhiwe, apelekewe mkutubi kila mwisho wa mwezi.