Kitunguu cha Mang'ola katika Bustani ya Nyumbani

Bonde la Mang'ola, wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, hupata mvua haba. Hata hivyo chemchemi zitokazo katika nyanda za juu za Ngorongoro hulinywesha, na kwa maji hayo wakulima huotesha vitunguu vinavyouzwa hadi nchi jirani ya Kenya. Kitunguu cha huko ni chekundu na kikali, nacho kimelipa jina lake aina ya mbegu iitwayo Mang'ola Red. Wengi wapendao kukiotesha nyumbani hudhani kwamba siri yake ni udongo wa bondeni. Udongo una sehemu yake, lakini jambo la kwanza ni mbegu, na sababu yake yatokana na jua.

Sehemu ya kitunguu iliwayo si mzizi. Ni sehemu za chini za majani, zilizovimba kwa chakula cha akiba. Majani ya juu ndiyo yapimayo urefu wa mchana na kuuarifu mmea kwamba wakati wa kutunga kichwa umewadia. Mwaka 1920 wataalamu wa Kimarekani, Garner na Allard, walieleza jinsi urefu wa mchana unavyotawala utoaji wa maua katika tumbaku na soya. Mwaka 1937 Magruder na Allard walichapisha uchunguzi wa namna hiyo juu ya vitunguu. Kila aina ina kiwango chake cha mchana, na kiwango hicho kisipofikiwa, kichwa hakitungi.

Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini hungoja mchana wa saa 14 hadi 16. London hupata zaidi ya saa 16 mwezi Juni. Mang'ola, iliyo karibu na Ikweta, haivuki saa 12 na dakika 20 hivi mwaka mzima. Hata Mtwara haifikii saa 13. Kwa hiyo mbegu ya Ulaya ikipandwa Moshi itamea vizuri, itatoa majani mengi na shingo nene, na kuendelea hivyo mpaka mwenye bustani achoke. Samadi haitamsaidia, wala maji. Darasa lenye umeme laweza kulijaribu jambo hili: mstari mmoja wa mbegu hiyo uachiwe jua pekee, na mwingine uangaziwe kwa globu ya waya kwa saa 4 kila jioni, kisha mistari hiyo ilinganishwe.

Basi anunuaye mbegu na aulize kwanza jina la aina, halafu mwaka wa kuvunwa. Mbegu ya kitunguu huzeeka upesi: ikikaa penye joto na unyevu, hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuota kwa muda wa mwaka mmoja hivi.

Kupanda kwenyewe si kugumu. Mbegu husiwa kitaluni kwa kina cha sentimita 1. Baada ya wiki 6 hadi 8, miche ikiwa na unene wa penseli, huhamishiwa kwenye tuta, sentimita 10 kati ya mche na mche. Maji yasikosekane wakati vichwa vinapojaa, na yakomeshwe majani yanapoanza kulala.

Ugumu uko katika kutunza mbegu. Baadhi ya miche hutoa shina la maua msimu ule ule wa kwanza, hasa ikipatwa na baridi ya Juni na Julai. Hapo ndipo aina ya kienyeji huharibiwa, tena kwa nia njema: mkulima huona mbegu za bure, akazikusanya. Lakini mbegu hizo zimebeba urithi wa mmea uliokimbilia maua kabla ya kutunga. Akirudia hivyo mwaka baada ya mwaka, atakuwa amechagua, bila kukusudia, kitunguu cha maua.

Njia iliyo bora ni kuvikata vikonyo hivyo mapema, kuvuna vichwa, na kuviweka ghalani miezi miwili au mitatu. Vilivyooza au kuchipua vimekwisha kujitenga vyenyewe. Katika vilivyosalia huchaguliwa vile vigumu, vyekundu, vyenye shingo nyembamba, navyo hupandwa upya mahali penye ubaridi. Ubaridi wa wiki kadhaa ndio uamshao maua. Mkazi wa Dar es Salaam aweza kuvuna vitunguu vya kula na bado akakosa mbegu.

Katika kila ua chavua hukomaa kabla ya sehemu ya kike kuwa tayari, hivyo nyuki huchanganya mmea na mmea. Vitunguu vya aina nyingine vinavyotoa maua vikiwa karibu, mbegu itachanganyika. Umbali wa kilomita 1 au zaidi wafaa. Vichwa viwili vitatu navyo havitoshi, kwa maana uzao wake hudhoofika upesi. Vichwa 50 ni mwanzo mzuri, na kwa hesabu hiyo bustani ya shule yafaa kuliko ua wa nyumba moja.

Vichwa vya maua hukatwa mara vifuko vya kwanza vinapopasuka na kuonyesha mbegu nyeusi. Mbegu zikikauka barabara, hutiwa katika chupa yenye kifuniko cha kubana na kuwekwa penye baridi na giza. Kabla ya msimu, mbegu 100 huviringwa katika kitambaa chenye unyevu na kuhesabiwa baada ya siku 10. Zikiota 80, ni njema. Zikiota 40, zisiwe maradufu kitaluni. Zikiota chache kuliko hapo, ni heri kutafuta nyingine mapema.