Chapa na Chuma: Je, Jina Lililo Juu ya Zana Lastahili Bei Yake?

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Neno hilo lilikuwa jepesi kulipima zamani, muuzaji wa jembe alipokuwa ndiye mhunzi mwenyewe, na mnunuzi aliweza kusimama penye mvukuto akaona chuma kikipigwa. Siku hizi zana hutoka mbali, hupita mikono mingi, na hufika dukani zikiwa ndani ya makasha yenye rangi. Jina lililopigwa juu ya chuma ndilo linenalo badala ya fundi. Nasi hatuna budi kuuliza: je, jina hilo lanena kweli? Na mtu alipaye mara tano au mara kumi kwa ajili ya jina, je, alipia chuma, au alipia herufi?

Swali hili si dogo katika nyumba zetu. Kijana amalizapo kujifunza useremala, wazazi wake humtafutia randa, patasi, msumeno na nyundo, na fedha hizo hutoka katika mahindi yaliyouzwa au katika mshahara wa mwalimu. Wakinunua zana hafifu, kijana huanza maisha na vyuma visivyokata. Kazi yake huwa mbaya, na wateja humwacha wakidhani ya kuwa hajui ufundi. Wakinunua jina tupu kwa bei kubwa, wadogo zake hukosa ada ya shule. Basi na tulitazame jambo hili kwa utaratibu, tukianzia pale chapa zilipoanza.

CHAPA ILIKUWA AHADI

Katika Uingereza uko mji wa Sheffield, uliosifiwa kwa visu tangu zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Ulikuwa na mito ya kugeuza magurudumu ya maji, na mawe mazuri ya kunolea. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya kuunda Chama cha Mafundi wa Visu wa Hallamshire, ndiyo Sheffield na viunga vyake. Moja ya kazi za chama hicho ilikuwa kuandika chapa za mafundi, ili kila mmoja awe na alama yake asiyoitumia mwingine. Kisu kikionekana kibovu, aliyekitengeneza alijulikana. Kwa hiyo chapa hapo mwanzo haikuwa pambo; ilikuwa kama mtu kutia sahihi yake chini ya hati ya deni.

Katika miaka ya 1740 mtengeneza saa aliyeitwa Benjamin Huntsman alitafuta chuma bora kwa springi za saa zake. Aliyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, kikatoka safi na chenye ugumu ulio sawa pande zote. Husimuliwa ya kuwa mafundi wa Sheffield walikikataa kwanza, wakisema ni kigumu mno kukifanyia kazi. Wafaransa ndio waliokinunua. Na visu vya Kifaransa vilipoingia Uingereza na kusifiwa, ndipo watu wa Sheffield walipokubali kitu kilichotengenezwa mlangoni mwao. Hata mafundi stadi huweza kudharau chema kwa kuwa hawajakizoea.

NCHI ILIYODHARAULIWA JANA

Watu wengi, wasipojua chapa, hutazama jina la nchi. Husema, "Hiki ni cha Ujerumani, ni kizuri, kile ni cha China, ni kibaya." Lakini tukitazama nyuma twaona ya kuwa sifa za nchi hazikukaa mahali pamoja.

Mwaka 1876 yalifanyika maonyesho makubwa mjini Philadelphia, Marekani. Profesa mmoja wa Berlin, Franz Reuleaux, aliyekwenda huko kwa niaba ya nchi yake, aliandika kwa masikitiko ya kuwa bidhaa za Ujerumani zilikuwa za bei ndogo na tena mbaya. Wakati ule visu vya Kijerumani viliuzwa mahali pengi vikiwa na majina ya Kiingereza ya kuigiza. Sheffield ikalalamika, na mwaka 1887 Uingereza ikatoa Sheria ya Alama za Bidhaa. Sheria hiyo ilitaka vitu vya kigeni vyenye alama au majina ya Kiingereza vionyeshe wazi nchi vilikotoka. Ilikusudiwa iwe aibu kwa Wajerumani. Lakini wao waliongeza bidii katika viwanda vyao, hata neno lililowekwa kuwaaibisha likageuka kuwa sifa yao. Mji wao wa Solingen ukalilinda jina lake kwa sheria ya mwaka 1938, na kwa kanuni ya mwaka 1994, ya kwamba kisu kisiitwe cha Solingen isipokuwa kazi zake zote zilizo kuu zimefanywa katika eneo hilo.

Japani nayo ilipita njia iyo hiyo. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, bidhaa zake zilichekwa. Hata ulienea uvumi ya kuwa Wajapani wameubadili mji mmoja jina ukaitwa Usa, wapate kupiga herufi za Marekani juu ya vitu vyao. Huo ulikuwa uvumi tu, maana jina la Usa ni la kale sana. Leo patasi na misumeno ya Japani hutafutwa na maseremala wa dunia nzima. Taiwan ikafuata, na viwanda vya zana vya Taichung vikapata heshima. Sasa mji wa Yongkang, katika jimbo la Zhejiang, China, watoa zana za kila daraja, hafifu na njema pia. Basi jina la nchi pekee halitoshi kuwa mizani.

JINA LIKITENGANA NA KARAKANA

Liko jambo jingine ambalo mnunuzi halioni. Jina laweza kuuzwa kama shamba liuzwavyo, likaenda kwa mwenye mali mwingine, na karakana ya kwanza isiende nalo.

Mfano mmoja ni zana za Craftsman za Marekani. Duka kuu la Sears lilianza kutumia jina hilo mwaka 1927, nalo halikuwa na karakana ya kuzitengeneza. Liliagiza zana kwa wenye viwanda mbalimbali, likazipiga jina lake na kuahidi ya kuwa zana ya mkono ikivunjika mwenyewe atapewa nyingine. Ahadi hiyo ndiyo iliyolipa jina nguvu. Mwaka 2017 Sears, ikiwa katika shida ya fedha, iliuza jina hilo kwa kampuni ya Stanley Black & Decker, kwa mapatano yaliyokadiriwa kuwa ya dola milioni 900. Wenye jina wapya walitangaza mwaka 2019 ya kuwa watajenga kiwanda Fort Worth, Texas. Mwaka 2023 wakatangaza ya kuwa kitafungwa. Mtu asomaye jina hilo juu ya spana hawezi kuyajua hayo yote, maana herufi zenyewe hazibadiliki.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tusishangae mno. Babu zetu waliiita nguo nyeupe ya pamba "merikani", kwa kuwa ililetwa na merikebu za Marekani katika karne ya 19. Baadaye Waingereza na Wahindi walifuma nguo mfano wake, nayo ikaendelea kuitwa merikani, ingawa haikuiona Marekani kamwe. Jina lilibaki, mfumaji akabadilika.

TOFAUTI ILIYO YA KWELI

Je, tuseme basi ya kuwa zana zote ni sawa, na wenye bei kubwa ni wadanganyifu? La, hasha. Liko jambo la kweli ndani ya chuma, nalo ni kazi ya moto. Chuma cha patasi hutiwa motoni hata kiwe chekundu, kisha hutiwa ghafula ndani ya maji au mafuta kipate ugumu. Kikiachwa hivyo huvunjika kama kigae. Kwa hiyo hupashwa moto tena, mdogo, ili ukali wake upunguzwe kidogo. Moto ukizidi, makali huwa laini, hupinda; ukipungua, makali humeguka. Kiwanda kinachopima moto kwa uangalifu na kutupa vilivyoharibika hutumia fedha nyingi kuliko kiwanda kisichopima. Gharama hiyo ni halali, nayo huonekana katika bei.

Tazama randa ya chuma. Umbo litumikalo mahali pengi lilibuniwa na Leonard Bailey wa Marekani, na kampuni ya Stanley Rule and Level ikainunua kazi yake mwaka 1869. Haki za kulizuia umbo hilo zilikwisha zamani, na viwanda vingi huliiga. Kampuni ya Lie-Nielsen, iliyoanza mwaka 1981 katika jimbo la Maine, hutengeneza randa kwa kufuata mifano ya kale ya Stanley, lakini kwa chuma kisichovunjika upesi kikianguka, na kwa kusawazisha nyayo zake sana. Randa yake moja ya kawaida huuzwa zaidi ya dola 300. Nyingine yenye umbo karibu na hilo hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Lakini mnunuzi wake huenda akakaa siku nzima akisugua uwayo na kunoa jembe la randa kabla haijafanya kazi. Aliyenunua ya bei ndogo amejinunulia na kazi iliyobaki.

Tena kumbukeni ya kuwa kiwanda kimoja huweza kutengeneza zana za majina mengi. Aagizaye chuma kizuri na ukaguzi mkali hupata zana njema; aagizaye bei ndogo hupata ya bei ndogo. Kwa hiyo swali la maana si "Imetoka nchi gani?" bali "Aliyeiagiza alitaka nini, na nani atajibu ikiharibika?"

HESABU YA NYUMBANI

Na tufanye hesabu ya mfano. Tuseme patasi moja ni shilingi 5,000, na nyingine shilingi 30,000. Ya kwanza yataka kunolewa mara kumi kwa siku, ya pili mara mbili, na kila kunoa ni dakika kumi. Seremala afanyaye kazi kila siku hupoteza dakika 100 kwa ile ya kwanza, na dakika 20 tu kwa ile ya pili. Dakika 80 kila siku ni mali. Baada ya majuma machache ile ya bei kubwa imejilipa. Lakini mwenye nyumba atumiaye patasi mara mbili kwa mwaka hatapata faida hiyo hata akizeeka. Kwa huyo, ile ya shilingi 5,000 yatosha.

Kwa hiyo twawashauri hivi: fedha yenu iwekeni kwanza katika vitu vyenye makali na vitu vya kupimia, kama patasi, jembe la randa, tupa na kipimo cha pembe mraba. Nyundo, koleo na mkono wa kigingi havihitaji jina kubwa. Na mwalimu wa ufundi anunue patasi chache zilizo njema ambazo wanafunzi watapokezana, kuliko nyingi zitakazowafundisha kuuchukia useremala.

JINSI YA KUPIMA DUKANI

Kwanza, ombeni ruhusa mpitishe tupa ndogo kwenye ukingo wa chuma. Tupa ikiuma kwa wepesi kama juu ya msumari, chuma ni laini. Ikiteleza, kimetiwa ugumu. Pili, wekeni kipimo cha pembe mraba juu ya ubao ulionyoka ukingo, pigeni mstari, kigeuzeni upande wa pili, pigeni tena. Mistari ikiachana, kipimo ni cha uongo, hata kiwe na jina gani. Tatu, shikeni rula juu ya uwayo wa randa mkielekea mwanga, mtazame kama nuru yapita chini yake. Nne, ulizeni kama meno ya msumeno yaweza kuchongwa kwa tupa. Misumeno mingi ya siku hizi ina ncha zilizotiwa ugumu mwingi. Hukata vizuri, lakini zikiisha makali msumeno hutupwa. Tano, katika shoka na nyundo, tazameni nyuzi za mti wa mpini zifuate urefu wake, zisiukate mshazari.

Wala msiwasahau wahunzi wetu. Panga lililofuliwa kwa springi kuukuu ya gari, kama wafanyavyo mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, na wengine wengi, halina jina juu yake, lakini chuma chake ni chema, na mhunzi yupo; likipinda mtamrudia. Na zana kuukuu ya chuma kizuri, ikisafishwa kutu na kunolewa, mara nyingi hushinda mpya iliyo hafifu.

Jihadharini pia na jina la kuibwa. Tanganyika ilikuwa na Sheria yake ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, na Kenya ilitoa sheria ya kupinga bidhaa bandia mwaka 2008. Lakini sheria haiwezi kusimama penye kila meza ya sokoni. Herufi hupigwa na yeyote mwenye nyundo.

Wako watakaotujibu kwa mithali, "Mchagua jembe si mkulima." Ni kweli, mvivu hujificha nyuma ya zana. Lakini mkulima aliyekwisha kulima mashamba mengi hulishika jembe, huligonga kwa kidole, husikiliza mlio wake, kisha ndipo atoapo fedha. Huyo hachagui kwa uvivu, bali kwa kuwa aijua kazi inayomngoja. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Lisomeni jina, maana huenda likawa ahadi. Kisha kipimeni chuma, mwone kama ahadi imetimizwa.