Ulimwengu wa Namba (3): 4,294,967,297

Wiki iliyopita tulizieleza namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Leo tuitazame namba moja kubwa iliyodhaniwa kuwa tasa kwa takriban miaka 90.

Inapatikana kwa kuchukua 2³² na kuongeza 1. Ni ya sita katika ukoo unaoanza na 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambamo kipeo cha 2 huongezeka maradufu kila hatua: 1, 2, 4, 8, 16. Hizo tano zote ni tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliwaandikia wenzake kwamba anaamini ukoo mzima ni tasa, ingawa alikiri hana uthibitisho. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimuuliza Leonhard Euler juu ya dai hilo, na mwaka 1732 Euler akalivunja: 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417.

Aipataje 641? Anayejaribu namba tasa moja baada ya nyingine ana 6,542 za kupitia kabla ya kukata tamaa. Euler hakwenda hivyo. Alitambua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Zinazofaa ni chache mno: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu! Kwangu mimi, ushindi wa Euler umo katika sharti hilo, si katika kugawanya kwenyewe.

Kuna njia ya kuhakikisha jambo hili bila hata kugawanya, nami nakuomba msomaji uchukue kalamu, maana utamu wote uko hapa. Angalia kwanza kwamba 641 ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 na 16. Zidisha pande zote kwa 2²⁸. Utapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³², ambayo bila shaka inagawanyika kwa 641. Sasa tazama 640, ambayo ni 5 × 2⁷. Kipeo chake cha nne ni 5⁴ × 2²⁸. Ukikipunguza 1, jibu linagawanyika kwa 640 + 1, kwa kuwa 640² − 1 ni 639 mara 641, nayo 640⁴ − 1 ni kigawe cha 640² − 1. Toa hesabu ya pili katika ya kwanza: 5⁴ × 2²⁸ inajifuta, inabaki 2³² + 1. Basi nayo inagawanyika kwa 641.

Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 18, aliutumia ukoo huuhuu kuonyesha kwamba umbo sawa la pembe 17 linaweza kuchorwa kwa rula na bikari pekee. Namba tasa ya sita ya ukoo haijapatikana hadi leo. Zote kuanzia hii yetu hadi ile ya 2 yenye kipeo cha 2³² zimethibitishwa kuwa si tasa. Inayofuata, yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, bado haijaamuliwa.