Je, Wajua? Ubabe, Madebe na Wanaogoma

Sogea hapo kwenye benchi, nikwambie! Wajua kwamba makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni makongwe kuliko bendera ya Uganda? Makazi yalifunguliwa 1958, uhuru ukaja 1962. Leo Mkongo, Mrundi, Msomali na Mnyarwanda wanakutana pale eneo la Base Camp, na mara nyingi bei hupatanwa kwa Kiswahili.

Na wajua Idi Amin alitangazwa rais wa maisha mwaka 1976? Februari 1979 jeshi la Tanzania likaitwaa Mbarara, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, naye Amin akang'oka. Maisha gani hayo yasiyofika miaka 3!

Haya, shika hii. Utafiti maarufu kuhusu watu wanaopenda kutawaliwa kwa mabavu ulitoka Marekani mwaka 1950, ukiwa na waandishi 4. Wawili kati yao, Theodor Adorno na Else Frenkel-Brunswik, walikuwa wamewakimbia Wanazi. Wakimbizi, ndugu yangu!

Wajua wanasaikolojia hupima upenzi huo wa ubabe bila kutaja siasa hata kidogo? Wanakuuliza tu: mtoto awe mtiifu au ajitegemee? Awe na adabu au awe mdadisi? (Bibi zetu wote wangesema adabu, na sijasikia bibi aliyepindua serikali. Kipimo hicho mimi nakitilia shaka kidogo.)

Sasa twende Gombe, kule Kigoma, Tanzania. Mwaka 1964 sokwe mmoja aliyeitwa Mike, mnyonge wa kudharauliwa, aliokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall. Akayaburuta na kuyagonganisha huku akiwakimbilia wenzake, ngo-ngo-ngo! Madume makubwa yakatimua mbio, na Mike akawa mkubwa wa kundi. Kelele tu, bwana!

Lakini kwa watu si lazima awepo mkubwa: Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, hukohuko Tanzania, hawana chifu wa jadi hata mmoja. Ukijifanya chifu wanakucheka, ukizidi, wanahama wanakuacha na ubabe wako.

Ya mwisho, usiondoke. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwaamuru watu 40 wampige mtu shoti ya umeme, wakiongeza kidogo kidogo. Shoti ilikuwa ya uongo, ila wao hawakujua, na 26 walifika mwisho, volti 450! Akarudia na watu wengine 40, safari hii kila mmoja akiwa na wenzake wawili waliopangwa wagome katikati. Unadhani waliofika mwisho walikuwa wangapi? Wanne!